Bunduki Saba za Rangi ya Tope

Mwaka huo bata mzinga wa Nadine hakuona oveni, kwa sababu ndani ya oveni mlikuwa na mtutu wa bunduki ya Ward Benninger.

"Hilo bomba lako linatoka lini?" Nadine aliuliza. Alikuwa amefungua madirisha yote ya jikoni, na baridi ya Novemba ilikuwa imeingia na kukaa mezani kama mgeni asiyealikwa.

"Likishaiva," alisema Galen, mumewe. "Nikilitoa mapema, rangi itabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua."

"Na pai yangu?"

"Baada ya huu kuna mtutu mwingine."

Nadine aliitazama pai yake ya maboga, mbichi, ikitetemeka ndani ya sahani. Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, na nyumba ilinuka kama kiwanda cha magari.

"Miaka yote hii unawapikia wale wawindaji kambini," alisema. "Sasa umeanza kuwapikia hadi nyumbani. Bado kuwanyonyesha tu."

Galen alikuwa amechuchumaa mbele ya kioo cha oveni, akiutazama mtutu ukining'inia kwa waya, rangi yake ikigeuka kutoka mng'ao wa majimaji hadi weusi mkavu wa tope. Hakuna chakula alichowahi kukitazama hivyo.

Galen Treaster alikuwa dereva wa basi la shule katika bonde moja la milima ya kaskazini ya Pennsylvania. Zamani alikuwa fundi wa kiwanda cha vioo, mpaka kiwanda kikafungwa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, mabega mapana, sauti ndogo. Watoto wa basini walimpenda kwa sababu hakuwafokea. Watu wazima walimdharau kwa sababu hiyohiyo.

Msimu wa kulungu ulipofunguliwa, wanaume wa bonde lile walipanda mlimani, kila kundi na kambi yake. Kambi ya Hemlock ilikuwa nyumba ya magogo yenye vitanda saba. Kitanda kilikuwa cha mtu mpaka afe au afukuzwe. Hapo ndipo wenzake waliobaki walipomchagua mwingine. Asiye na kitanda aliweza kualikwa tu, na Galen alikuwa amealikwa kwa karibu miaka ishirini. Alilala sakafuni karibu na jiko la kuni. Alipika, aliosha vyombo, alichota maji kijitoni, na mchana aliwapelekea supu ya moto wawindaji waliokuwa wamejibanza kwenye miamba yao. Hawakumwita Galen. Walimwita Sufuria.

Juu ya sinki alipooshea vyombo palikuwa na ukuta wa aibu. Mwindaji akikosa shabaha, jioni ile pindo la nyuma la shati lake lilikatwa kwa kisu mbele ya wote, likaandikwa jina na kupigiliwa msumari ukutani. Hiyo ilikuwa aibu ya kuchekwa. Kulikuwa na nyingine isiyochekwa. Aliyemjeruhi mnyama alipaswa kumfuata mpaka ammalize, hata kwa kutambaa, hata giza likiingia. Akimwacha, hakukatwa pindo. Alivuliwa shati zima, akatembezwa kifua wazi mpaka barabarani, na asirudi tena. Katika ukuta wote ule shati zima lilikuwa moja tu, la sufu, mirabamiraba ya kijani na nyeusi. Lilikuwa la Orvis Treaster, baba yake Galen.

Galen alikuwa mtoto siku hiyo, amekaa ndani ya pikapu kando ya barabara akimsubiri baba yake. Alimwona akishuka katikati ya theluji, mikono ameikunja kifuani kama msichana aliyefumaniwa akioga. Nyuma yake alikuja kijana Ward Benninger, shati mkononi, akicheka huku akipiga mluzi kama mtu anayeswaga ng'ombe. Orvis aliwasha gari, akaendesha mpaka nyumbani, na hakulitaja jambo lile mpaka siku alipokufa.

Mgeni hakuruhusiwa kuugusa ukuta. Wenye vitanda tu ndio waliopigilia na kushusha. Kwa hiyo kwa karibu miaka ishirini Galen aliosha vyombo vya watu wale, mikono ndani ya maji ya moto, mikono ya shati la baba yake ikining'inia mbele ya macho yake. Alitaka kitanda kimoja. Akikipata, kitu cha kwanza angekwenda ukutani na koleo, aing'oe ile misumari.

Majira ya kuchipua ya mwaka huo mzee Harvey Moyer alikufa, kitanda chake kikabaki wazi. Mwezi wa Septemba Ward Benninger, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi, alisimamisha gari mbele ya banda la Galen.

Ward alikuwa amepita sabini, mrefu, ana nyonga mbovu na sauti ya mtu ambaye hajawahi kuambiwa anyamaze. Msimu baada ya msimu hakukosa shabaha hata mara moja, na hakukuwa na pindo la shati lake kule ukutani. Aliingia bandani bila kubisha.

"Sufuria! Nasikia umekuwa fundi wa rangi."

Galen alimwonyesha bunduki yake mwenyewe. Ilikuwa imepakwa rangi ngumu ya kupulizia, ile inayoiva kwa moto. Kutu haiipiti, mvua haiidhuru, msumari hauikwaruzi kwa urahisi. Alijifunza kwa kutazama video, akaharibu vyuma chakavu vingi, mpaka mkono ukazoea.

Ward alipitisha ukucha juu ya mtutu. "Hii si mbaya," alisema, na kwa Ward hiyo ilikuwa hotuba. "Tufanyie zote. Chuma na mti. Rangi ya tope."

"Zote rangi moja?"

"Kwani sisi si ndugu?"

Galen aliiweka bunduki chini. "Na kile kitanda cha Harvey, Ward?"

Ward alimwekea mkono begani. "Galen," alisema, na Galen hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alilisikia jina lake katika kinywa kile. "Wewe fanya kazi. Kitanda kinamjua mwenyewe."

Mtu akikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ulaini huo unausikia kwanza. Kioo unakuja kukihisi baadaye.

Bunduki zililetwa moja moja. Zilikuwa saba. Wenye vitanda walikuwa sita, na ya saba ilikuwa ya Corey, mume wa binti yake Ward, kijana wa mjini anayeuza bima ya meno, aliyealikwa kambini misimu miwili iliyopita. Galen alijiuliza ya Corey inafanya nini kati ya hizo, kisha akajijibu kwamba Corey ni mgeni kama yeye, na kwamba baba mkwe ni baba mkwe.

Corey aliileta mwenyewe. Alisimama mlangoni akipangusa viatu, ingawa sakafu ilikuwa ya udongo.

"Samahani, Bwana Galen. Hii yangu inapiga kushoto. Sana. Nimeinunua kwa mtu na sijui kuirekebisha, na nikimwambia mzee atanicheka mpaka Krismasi. Ukipata nafasi, unaweza kuitazama?"

"Nitaitazama," alisema Galen.

Hakuitazama. Alifunika sehemu za kulengea kwa utepe, za bunduki zote, ili rangi isiziingie, na skrubu zake hakuzigusa. Kule Hemlock walikataza darubini. Kila mtu alilenga kwa chuma kitupu, chuma ambacho alikuwa amekizoesha jicho lake mwenyewe kwa miaka mingi. Walikataza pia risasi za aina mbalimbali, ili mmoja akiishiwa akope kwa mwenzake. Na bunduki zenyewe zilikuwa za muundo mmoja, ile ya kujazwa risasi kwa kuvuta mkono wa mbele, ambayo nusu ya wanaume wa milima ile waliirithi na nusu nyingine waliiombea dua wairithi.

Kazi ilimchukua vuli nzima. Alizifungua bunduki kipande kwa kipande. Aliosha vyuma kwa asetoni mpaka vikalia chini ya kitambaa, maana alama moja ya kidole chenye mafuta ikibaki chini ya rangi, itafura lengelenge kama kidonda. Alivipiga kwa mchanga unaosukumwa na kompresa, akavining'iniza kwa waya, akavaa barakoa na glavu, akapuliza rangi kwa mikupuo mifupi, mkono ukipita bila kusimama. Mkono ukisita, rangi inachuruzika. Kisha alivipeleka jikoni kwa Nadine.

Bunduki ya Ward ilikuwa na doa la fedha chini ya tumbo lake, mahali ambapo kiganja kimoja kiliibeba miaka arobaini mpaka weusi wa kiwandani ukaisha. Galen aliweka kiganja chake pale, na chuma kikampokea. Kila bunduki ilikuwa na alama zake: jeraha la kitako kilichoanguka mwambani, upara wa kidole gumba, mkwaruzo wa mlango wa gari. Wenyewe walizijua gizani kwa kupapasa, kama mtu anavyoujua uso wa mkewe. Mchanga ulizila alama zote. Mashimo ya mti aliyaziba na kuyapiga msasa. Zilipotoka katika oveni na kupangwa mezani, zilikuwa saba kama watoto wa tumbo moja, na Galen akafurahi. Alidhani ametengeneza undugu. Akafunga kikaratasi chenye jina kwenye kila kifyatulio.

Ijumaa jioni walikusanyika kambini. Bunduki zilipita mkono kwa mkono, watu wakapiga miluzi, na Junior Fetterolf, mcheshi wa kambi, mtu mnene mwenye kicheko cha fisi, akazibusu moja baada ya nyingine. Alichana vile vikaratasi na kuvitupa motoni.

"Bibi harusi havalishwi bei," alisema.

Bunduki ziliwekwa kwenye rafu. Galen alipakua nyama na viazi. Walipomaliza kula Ward aligonga kikombe kwa kijiko.

"Kuna kitanda," alisema.

Galen alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Aliuweka chini polepole.

"Corey, mwanangu," Ward aliendelea, "kalale kwenye kitanda cha Harvey. Godoro lina bonde katikati, utalizoea."

Watu walipiga makofi. Corey aligeuka mwekundu mpaka masikioni.

"Lakini kura ilikuwa haijapigwa," alisema Galen. Sauti yake ilitoka ndogo zaidi kuliko kawaida.

"Tulipiga Julai, kwenye nyama choma kwangu," alisema Ward. "Hukuwepo. Nani angekualika, Sufuria, nyama tulichoma wenyewe."

Junior alicheka mpaka akashika meza. Julai. Galen aliuhesabu mwezi ule kichwani, na Septemba ikaja baada yake, na mkono wa Ward begani, na mtutu wa Ward katika oveni ya Nadine.

"Uliniambia kitanda kinamjua mwenyewe."

"Na kimemjua, sivyo?" Ward alifungua mikono. "Usinune, bwana. Ukipata kitanda nani atatupikia? Na tukufikirie kidogo: utalalaje vizuri, na lile shati la Orvis likikutazama?"

Junior alidaka neno. "Mimi ningelala," alisema. "Ningejifunika nalo."

Wakacheka tena. Galen alikusanya sahani. Alipokuwa sinkini Corey alimfuata na kitambaa cha kukaushia.

"Bwana Galen, naapa sikujua. Kama ningejua wamekuahidi..."

"Weka kitambaa chini."

"Nisaidie tu..."

"Nimesema weka chini. Wewe una kitanda."

Alimchukia Ward kwa namna ya zamani, ambayo ilikuwa imekaa ndani yake kama jino bovu. Na huyu Corey, Galen alimchukia upya, kwa ule wema wake.

Asubuhi, kabla mwanga haujatoka, watu walivaa vizibao vyao vya rangi ya chungwa, wakanywa kahawa wima, wakaenda kwenye rafu. Mikono ilinyooshwa na kusimama hewani. Ward aligusa ya kwanza, akaiacha, akagusa ya pili. Alipapasa tumbo lake akitafuta lile doa, na kidole hakikukuta kitu.

"Ipi yangu?" alisema. Ilikuwa mara ya kwanza Galen kumsikia akiuliza jambo asilolijua.

"Na ipi yangu?" alisema Junior. "Nimezibusu zote, hakuna hata moja inayonikumbuka!"

"Sufuria!" Ward aliita. "Njoo uonyeshe. Kazi yako hii."

Galen alipangusa mikono kwenye aproni. Yeye alizijua. Hakuhitaji kusoma nambari ndogo za kiwandani. Kila moja ilikuwa na kosa dogo la mkono wake, ambalo jicho la mwingine lisingeliona. Ya Ward ilikuwa na mchuruziko mwembamba kama unywele nyuma ya kifyatulio. Ya Corey ilikuwa na punje ya vumbi iliyonaswa chini ya rangi, karibu na mdomo wa mtutu.

Alianza na Junior, akampa yake. Akawapa wengine zao. Zikabaki mbili. Alizishika zote, moja kila mkono, na zilikuwa na uzito sawa kabisa. Juu ya sinki lile shati la kijani lilikuwa gizani, lakini hakuhitaji mwanga ili alione.

Yenye vumbi alimpa Ward. Yenye mchuruziko alimpa Corey.

"Una hakika?" Ward aliuliza.

"Nimezipika mwenyewe," alisema Galen.

Mapambazuko yalikuja na mvua ya barafu. Galen alichemsha supu, akasikia milio miwili mlimani: mmoja wa mbali upande wa Corey, mmoja wa karibu, upande wa mwamba wa Ward. Alijaza chupa za moto, akapanda.

Ward alikuwa amekaa chini ya mwamba wake, uso umembadilika.

"Nimesikia mlio," alisema Galen.

"Nimepiga hewa." Ward hakumtazama. "Barafu iliniingia jichoni. Nipe supu."

Galen alimpa, akaenda zake. Lakini hakushuka kwa njia yake ya kawaida. Alizunguka nyuma ya miti, mahali ambapo mtu aliyekaa mwambani angelenga, na akapaona. Nywele za kulungu zilikuwa zimetawanyika juu ya theluji. Damu ilikuwa kidogo, nyeusi, na ndani yake kulikuwa na uji wa kijani wenye harufu ya samadi. Alikuwa amepigwa tumboni. Mnyama wa namna hiyo hafi upesi. Hutembea kidogo, hulala, hungoja.

Na pale kwenye damu palikuwa na nyayo za viatu vya Ward, mguu mmoja ukiburuza kwa sababu ya nyonga. Zilikuja mpaka pale, zikasimama, zikarudi. Kisigino kilikuwa kimesukumia theluji juu ya damu, kwa haraka, kama paka.

Galen alikuwa na kisu kiunoni. Kwa mwendo ule wa damu mnyama hakuwa mbali. Angeweza kumfuata, akammaliza, mateso yakaisha kabla supu haijapoa. Sheria ilimwangukia aliyejeruhi. Hata hivyo mtu mwenye roho, mwenye kitanda au mgeni, akiona damu ya tumbo huifuata. Kila mtoto wa milima ile alifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma.

Alitazama juu. Mvua ilikuwa inazidi. Mpaka jioni ingeosha kila kitu. Basi akabandua ganda pana la mti lililooza, akalifunika juu ya damu na zile nyayo, taratibu, kama mtu anayefunika sufuria isipoe. Kisha akaenda kuwapelekea wengine supu.

Alasiri barafu iliwarudisha wote. Corey alikuja akiburuza dume zuri, amelipiga moyoni, risasi moja. Hakuamini. Wazee walimpiga mgongoni mpaka akakohoa. Ward aliingia wa mwisho, akavua kofia, na akawageuzia mgongo mwenyewe.

"Kateni," alisema. "Nimekosa."

Kelele zilizozuka zilitikisa vikombe. Ward Benninger! Junior alikuja na kisu akiwa analia machozi ya kicheko. "Miaka yote nimekinoa kwa ajili yako, mpenzi!" Ward alitabasamu kama mtu anayetoa jino, akavuta shati nje ya suruali. Ilikuwa bei rahisi, na alijua.

"Ngoja, Junior," alisema Galen kutoka sinkini.

"Nini, Sufuria? Unataka kukata wewe?"

"Hajakosa." Galen alijikausha mikono, kidole kwa kidole. "Amempiga tumboni. Alishuka, akaona damu, akaifunika kwa kiatu, akarudi kukaa. Nami nimeifunika ili mvua isiioshe. Twendeni mkaone."

Junior alikishusha kisu.

"Muongo," alisema Ward. "Mtoto wa Orvis, utegemee nini?"

"Basi twende," alisema Junior. Hakuwa anacheka tena.

Walipanda wote, taa kichwani, kwa kuwa mwanga wa mchana ulikuwa unaisha. Galen alifunua lile ganda. Walitazama nyayo, wakatazama mguu wa Ward unaoburuza. Wakafuata damu.

Hakuwa mbali. Alikuwa amelala ndani ya vichaka, dume mkubwa wa pembe pana, barafu imemgandia mgongoni kama kigae. Alikuwa hai. Aliinua kichwa akawatazama na zile taa zao, wala hakujaribu kukimbia. Chini yake theluji ilikuwa imeyeyuka kwa upana wa mwili wake, ikawa uji wa kahawia. Alikuwa amelala pale tangu asubuhi.

"Mmalize," Junior alimwambia Ward.

Ward aliinua bunduki. Alipiga, na risasi ikampasua kulungu sikio la kushoto. Mnyama akatoa sauti, ile sauti ambayo watu hudhani kulungu hana. Corey alijiziba masikio. Ward alivuta tena, na ganda la risasi likakwama ndani, mikono yake imekufa ganzi.

Galen alimpita, akapiga goti kwenye ule uji, akashika pembe, akammaliza kwa kisu. Shingo ilikuwa ya moto.

Ward alivua shati mwenyewe kabla hawajamgusa. Mwili wake ulikuwa mweupe, wa mzee, matiti yamelegea, kovu la upasuaji katikati ya kifua. Alikunja mikono kifuani. Mwosha huoshwa, lakini mara nyingi huoshwa na maji baridi zaidi. Walimtembeza mpaka barabarani, na Galen alikuja nyuma na shati mkononi. Alikuwa amedhani atapiga mluzi. Midomo ilikuwa imekufa kwa baridi, haikutoa kitu. Corey alitaka kumpa mkwewe koti lake, na Junior akamshika mkono.

"Ukimpa, umfuate."

Corey alirudisha koti mwilini.

Ward alipofika kwenye gari lake aligeuka. "Ile bunduki," alisema, meno yakigongana. "Ile bunduki si yangu. Sufuria, ulinipa ipi?"

"Zote ni moja," alisema Galen. "Si ulisema sisi ni ndugu?"

Ndani ya nyumba Junior alitazama kitanda cha Ward, kile cha karibu na dirisha, kisha akatazama sakafu penye blanketi la Galen. Akachoka ghafla.

"Chukua," alisema. "Nani anapinga? Hakuna. Chukua, tule."

Galen alichukua koleo. Misumari ilikuwa imeshika kutu, ikakatika vichwa. Shati la Orvis lilipotoka lilipasuka mabegani, na panya walikuwa wametengeneza kiota mfukoni. Pale lilipokuwa, ukuta ulibaki na umbo la mtu, jeupe kuliko magogo mengine. Alipigilia la Ward palepale. Halikulifunika lote.

Walikula. Baadaye, mazoea yakamwinua Galen kuelekea sinkini. Alishika hata sahani ya kwanza. Akaikumbuka nafsi yake, akaiacha, akaenda kukaa kwenye kitanda chake. Sahani zilibaki. Watu walizitazama, wakatazamana.

Corey ndiye aliyeinuka. Alimimina maji ya moto, akaanza kuosha, mgongo umewageukia. Wengine walipotoka kwenda kumtundika dume mkubwa bandani, alisema bila kugeuka:

"Ile niliyopiga nayo leo ilipiga katikati kabisa."

Galen alikunja shati la baba yake na kuliweka mahali pa mto.

"Bunduki yangu haijawahi kupiga katikati," alisema Corey. "Na yule kulungu alilala kule mchana kutwa. Wewe ulimwona saa ngapi, Bwana Galen?"

Moto uliguguna kuni jikoni. Shati lilinuka moshi, panya, na mafuta ya vyakula ambavyo Galen alivikaanga chini yake miaka yote ile. Harufu ya Orvis haikuwemo hata kidogo.

"Kesho nitaondoka," alisema Corey. "Kitanda cha Harvey wampe mwingine."

"Utaondoka," alisema Galen, akajinyoosha, mikono nyuma ya kichwa, macho darini. "Masufuria yasugue kwa mchanga. Sabuni peke yake haitoi masizi."